Antiokia Bora ya Shapur

Wengi wetu tunaijua Antiokia kutoka Matendo ya Mitume: ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Lakini kulikuwa na Antiokia nyingine huko Uajemi, iliyojengwa na watu waliotolewa kwao kwa nguvu.

Katika karne ya 3, mfalme Shapur wa Kwanza wa Uajemi alipigana na Warumi. Aliiteka Antiokia ya Syria, na mwaka 260 akamkamata Kaisari Valerian mwenyewe. Hakubeba mali tu, alibeba na watu. Katika maandishi aliyochongesha Naqsh-e Rostam, anajisifu kwamba aliwahamisha watu wa nchi ya Rumi na kuwaweka katika majimbo yake, likiwemo Khuzistan.

Kwa nini Khuzistan? Ni tambarare chini ya milima ya Zagros, yenye mito mikubwa ya Karun na Dez. Udongo ni mzuri, lakini jua ni kali. Bila mifereji mavuno ni haba. Yaani palihitaji mikono mingi. Tena ni mbali na mpaka wa Rumi: anayetaka kutoroka, safari yake ni ndefu.

Mji ukapimwa kwa barabara zilizonyooka. Waandishi wa baadaye waliufananisha na ubao wa sataranji. Sisi tunaokaa kwa namba za bloku, picha hiyo tunaielewa. Ukaitwa Weh-Andiyok-Shapur, yaani "Antiokia Bora ya Shapur". Hebu fikiria: umepotezewa mji wako, halafu unaambiwa huu ndio bora!

Baadaye ulijulikana kama Gundeshapur. Ukawa na askofu wake, na elimu ya tiba ikakua humo kwa lugha ya Kisiria. Mwaka 765, Khalifa al-Mansur alipougua huko Baghdad, alimwita tabibu kutoka Gundeshapur, Mkristo aliyeitwa Jurjis ibn Bukhtishu.

Sisemi kuhamishwa ni baraka. Tena wale walitekwa, sisi tulikimbia, si sawa. Ila mfalme alichagua maji, udongo na jina, basi. Tiba iliyoupa mji sifa haikuwa kwenye hesabu zake. Kwa hiyo ndugu zangu, na ninyi mnaotuhudumia, mkipima viwanja msihesabu mikono tu. Ulizeni pia watu hawa wanajua nini.