Mtapo na Korongo Taji katika Nchi ya Mlima Kenya

Mtapo ni wa ukoo wa kale kuliko mimea yote itoayo maua. Mababu zake walikuwepo zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Spishi ya Encephalartos tegulaneus, iliyoelezwa na Ronald Melville mwaka 1957, huota kwenye mlima wa Ololokwe na Milima ya Mathews, kaskazini mwa Mlima Kenya, na shina lake laweza kufika mita 10. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, kila mmoja na koni zake, na wanaobeba chavua ni wadudu wadogo, hasa fukusi. Mti dume ukichimbwa na kuuzwa kwa wapenda bustani, mti jike wa jirani hubaki na mbegu zisizoota. Ndiyo maana wizi wa miti michache tu ni msiba kwa mlima mzima.

Korongo taji, Balearica regulorum, ana kimo cha mita moja hivi na ushungi wa rangi ya dhahabu. Akitafuta chakula hukanyagakanyaga nyasi ili wadudu waruke, kisha huwadonoa. Hulala juu ya miti, jambo lisilowezekana kwa makorongo wengi, kwa sababu kidole chake cha nyuma ni kirefu na hushika tawi. Kiota, hata hivyo, lazima kiwe kinamasini, katikati ya matete.

Na vinamasi vimepungua. Mfano mmoja ni eneo la Kianjokoma, katika ukanda wa chai wa Embu. Serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Embu na Meru kulima kahawa kuanzia miaka ya 1930. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ukaharakisha upimaji wa mashamba na zao la chai, na Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya (KTDA) ikaundwa 1964. Ardhi ilivyozidi kubanana katika nyanda hizi za juu, mabonde yalikaushwa, yakapandwa nduma, mboga na mikaratusi.

Mwaka 2012 korongo taji aliorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka. Mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya mitapo ya porini ya jenasi ya Encephalartos, na biashara ya korongo unaidhibiti kwa vibali. Kwa mtapo, adui mkubwa akiwa mnunuzi, kinga hiyo inagusa kiini cha tatizo. Kwa korongo haitoshi, kwani mtaro unaochimbwa bondeni hauhitaji kibali cha kuvuka mpaka.