Mapumziko ya Mwananchi katika Pwani ya Bagamoyo

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Usemi huo una hekima ambayo watumishi, walimu na wanafunzi wetu wanastahili kuitafakari kila likizo inapokaribia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mwaka, na wanafunzi nao wana majira yao ya kufunga shule. Siku za kupumzika basi zipo. Swali ni namna ya kuzitumia. Wengi wetu huzimaliza nyumbani tukiziba paa na kulipa madeni ya usingizi, kwa kuamini kwamba kusafiri kwa ajili ya kupumzika ni anasa ya matajiri, au ni desturi ya wageni wa kutoka Ulaya. Imani hiyo haina mizizi katika historia yetu. Tena, pwani iliyo kati ya Kunduchi na Saadani, ambayo kitovu chake ni Bagamoyo, inaweza kumpa mtu wa kipato kidogo vitu viwili ambavyo kwingineko hulipiwa mbali mbali: bahari na mji wa kale.

Yafaa tuanze na jina lenyewe. Bagamoyo husemwa kuwa limetokana na maneno mawili, bwaga na moyo, na tafsiri zake ni mbili. Ya kwanza husema kwamba mtumwa, alipofika ufukoni na kuliona jahazi la kumvusha, alikata tamaa akauacha moyo wake katika nchi ya baba zake. Ya pili husema kwamba mpagazi aliyetoka bara, baada ya kutua mzigo, aliubwaga moyo wake akastarehe. Tafsiri ya kwanza inatia uchungu, wala haifai isahauliwe, maana ni kweli kwamba watumwa walipitishwa hapo. Lakini katika karne ya 19 bandari iliyotoa watumwa wengi zaidi kwenda Unguja ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilikuwa hasa bandari ya pembe za ndovu, na kwa hiyo ilikuwa mji wa wapagazi.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa yapata kilo 30 kwa mwendo wa miezi, kutoka Unyanyembe au mbali zaidi, akivuka mbuga za Ugogo na mito ya Usagara. Alikuwa mtu wa ujira, aliyepatana malipo yake kabla ya kuinua mzigo. Alipofika Bagamoyo hakugeuka siku ile ile. Alikaa akingoja msafara wa kurudi. Akanunua nguo na shanga, akacheza ngoma, akaoga bahari ambayo watu wa kwao walikuwa wakiisikia katika hadithi tu. Katika majira ya misafara maelfu ya watu wa namna hiyo walijaa mjini. Ni dhahiri, basi, kwamba yapata miaka 100 kabla ya hoteli za ufukoni kujengwa Kunduchi, pwani hii ilikwisha kuwa mahali pa mapumziko ya watu wa kazi, tena watu weusi waliokuja kwa miguu yao.

Ukoloni ndio uliobadili maana ya mapumziko. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, walisimama dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Bagamoyo iliungua katika vita hivyo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya Wajerumani yalihamishiwa Dar es Salaam, na reli ya kati ilipoanzia huko na kufika Kigoma mwaka 1914, misafara haikuwa na kazi tena. Mji ukapoteza biashara yake. Na kwa kuwa ulipoteza biashara, hakutokea mtu wa kubomoa nyumba zake ili ajenge ghorofa mpya. Majengo ya kale tunayoyaona leo yalihifadhiwa kwa sehemu kubwa na umaskini wa mji.

Wakati huo huo ofisa wa kikoloni alipewa likizo ndefu ya kwenda kwao Ulaya, au alipanda Lushoto kukwepa joto. Dar es Salaam iligawanywa Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika, na ufuko mzuri wa Oyster Bay ukawa upande wa Uzunguni. Mwafrika alipopata likizo alikwenda kijijini kuwaona wazazi wake. Hiyo ni desturi njema ambayo tunaiendeleza hata sasa, lakini haikumfanya mtu kuwa mgeni wa heshima katika nchi yake mwenyewe. Ikumbukwe kwamba hata huko Ulaya mfanyakazi hakupewa bahari bure. Nchini Ufaransa ni baada ya migomo mikubwa ya mwaka 1936 ndipo sheria ilipompa kila mfanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo, na nauli za treni zikapunguzwa. Wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mapumziko, popote pale, yamekuwa haki pale tu watu wa kazi walipoyadai kuwa haki.

Sisi tulipopata uhuru tulikuwa na mjadala wetu. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 1969 hadi 1974 ulitilia mkazo utalii ili kupata fedha za kigeni. Hoteli za kisasa zikajengwa katika ufuko wa kaskazini ya Dar es Salaam, zikiwamo zile za Kunduchi na Bahari Beach. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji magazetini kama nchi ya kijamaa yaweza kujenga heshima yake kwa kuwafanya vijana wake kuwa watumishi wa matajiri wa ng'ambo. Wengine wakawajibu kwamba taifa maskini haliwezi kukataa fedha halali. Hoja za pande hizo zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji na kutolewa mwaka 1973.

Pande zote mbili zilisema mambo ya maana. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa mjadala ule ulimhusu mgeni: aje au asije, na akija atuletee faida gani au hasara gani. Mwananchi mwenyewe, mwenye watoto watatu na mshahara wa mwisho wa mwezi, hakuwa katikati ya maneno hayo. Miaka ya 1990 na iliyofuata ilileta ubinafsishaji, na hoteli zikapata wenyewe wapya. Swali la mwananchi likabaki pale pale: naye apumzike wapi?

Tulijibu sasa kwa kupima mambo manne, yaani nauli, malazi, kiingilio na mavuno ya safari. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hauna mfano kwa vichochoro na milango yake. Lakini mtu wa bara hana budi kulipa nauli ya chombo na kulala huko, maana haufai kuonwa kwa pupa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia katika orodha hiyo mwaka 1981, ndizo fahari ya pwani ya kusini, ila ziko mbali na zataka siku kadhaa. Saadani, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, humwonyesha mtu wanyama wa porini karibu na mawimbi, lakini asiye na gari atapata taabu. Kunduchi ni karibu sana na Dar es Salaam. Watu wengi waendao kuogelea huko hawajui kwamba karibu na hoteli pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale, ambayo nguzo zake zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina.

Bagamoyo iko yapata kilomita 70 kaskazini ya Dar es Salaam, kwa barabara ya lami. Mtu aweza kupanda basi alfajiri na kurejea jioni, au kulala katika nyumba ya wageni ya kawaida mjini na kula samaki wa kukaanga kwa mama lishe. Ada ya mwananchi katika maeneo ya mambo ya kale ni ndogo kuliko ile ya mgeni wa nje. Mwenye kupanga safari na aepuke masika, yaani Machi hadi Mei, na aulize habari za maji kabla ya kuwaahidi watoto kuogelea, kwani yakipwa hapo hukimbia mbali sana.

Kaole, yapata kilomita 5 kusini ya mji, pana magofu ya misikiti miwili, na mkubwa wa umri kati yake hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mikoko imeota kati yake na bahari, na kina cha bandari kimejaa mchanga. Mwalimu akifika hapo na wanafunzi wake asiwachoshe kwa orodha ya tarehe. Awaulize swali moja: kwa nini watu waliuacha mji huu na kuhamia Bagamoyo? Jibu litawafundisha jiografia na historia kwa pamoja.

Katika ufuko wa mji yapo makaburi ya Wajerumani, na karibu yake ipo alama ya mahali walipowanyongea Waafrika waliowapinga. Swali la hapo ni hili: nani ana jina juu ya jiwe, na nani hana? Kisha waende katika misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipofikishwa mwezi Februari 1874. Alikuwa amekufa tangu Mei 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Waliombeba kwa miguu miezi yote hiyo walikuwa Waafrika, miongoni mwao Chuma na Susi. Swali: mbona kila mtu analijua jina la aliyebebwa, na wachache wanayajua majina ya wabebaji?

Jioni mtu aweza kusikiliza ngoma. Chuo cha Sanaa kilianza kazi Bagamoyo mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake lilianza mwaka 1982. Humo alifundisha Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka zeze na ilimba ya kwao katika majukwaa ya dunia, naye akafanya maskani yake Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003. Hivyo njia aliyoipita mpagazi kutoka bara haikufungwa kabisa. Aliyeifuata safari hii alibeba muziki.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Nyumba za kale za Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likianguka, mvua huingia ukutani na kuila chokaa, na baada ya misimu michache jengo huwa kichuguu. Mlango wa nakshi ukishang'olewa na kuuzwa haurudi. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Lakini sheria haina macho ya kukesha katika kila uchochoro. Macho hayo ni ya wananchi wanaoijua nyumba fulani kwa sababu waliwahi kusimama mbele yake. Kijana aliyepelekwa Kaole akiwa na umri wa miaka 15 ndiye atakayeuliza, akiwa na miaka 40 na pengine akikalia kiti cha ofisi, kwa nini kuta zile zinaachwa zianguke. Asiyepata kuziona hatauliza neno.

Kwa hiyo shule ichange mapema, kidogo kidogo tangu mwanzo wa mwaka. Mtumishi naye aweke akiba ya nauli kama awekavyo ya sare za watoto. Waende, waoge bahari, wale samaki, wacheke. Wasione haya kustarehe, maana husemwa pia kwamba mji huu ulipewa jina lake na watu waliokuja hapo kutua mizigo. Na wakisha kustarehe, wapite Kaole kabla ya basi la jioni.