Kifua na Chumba: Historia ya Makazi na Kifua Kikuu Ruziba, Bujumbura

Warundi huuita ugonjwa huu igituntu. Waswahili huutaja kwa kiungo kinachoumia. Huenda jina letu limetuzoesha kukichunguza kifua cha mgonjwa na kukisahau chumba alimolala. Makala haya yanakirejea chumba hicho, kwa kuangalia Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara iendayo Rumonge.

Robert Koch alitangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Uingereza, vifo vilikuwa vimepungua sana kabla ya streptomaisini kupatikana katika miaka ya 1940. Wanahistoria wangali wanabishana iwapo sababu ilikuwa lishe, nyumba au hatua za afya ya umma. Dawa hazikuwapo.

Pembezoni mwa Bujumbura makazi yaliharibiwa kwa amri. Kuanzia Septemba 1999 serikali, ikipigana na waasi, iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu 300,000 wa mkoa wa Bujumbura Vijijini, uliopakana na Ruziba, ikawakusanya kambini. Walibanana katika vibanda, mbali na mashamba yao, maji na chakula vikiwa haba. Nelson Mandela, aliyempokea Mwalimu Nyerere usuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, alishinikiza kambi zifungwe, na katika mwaka 2000 watu wakaanza kurejea makwao.

Vitabu vya siasa hukifunga kisa hapo, jambo ambalo mtafiti wa afya hana ruhusa ya kulifanya. Bakteria hawa huenea kwa hewa, hasa palipo na msongamano na pasipo na madirisha. Aliyeambukizwa aweza kukaa miaka bila dalili. Takriban mmoja kati ya kumi huugua maishani mwake, na utapiamlo na Virusi vya UKIMWI huiongeza hatari hiyo. Kwa hiyo athari za kambi, kama zipo, zitafutwe katika madaftari ya vituo vya afya ya miaka iliyofuata.

Hapo ndipo mtafiti anapokwama. Daftari la kawaida la kifua kikuu huandika umri, jinsia, anwani, majibu ya makohozi na matokeo ya tiba. Haliulizi mgonjwa amewahi kuishi kambini, wala wangapi wanalala nao chumba kimoja. Tunawapendekezea washauri wa sera safu mbili zaidi katika daftari hilo, zianze kujazwa Ruziba na vitongoji jirani, wangali hai waliolala katika vibanda vile.