Je, inafaa kuisukuma skrini kupita kiwango chake?

Hapa Johannesburg jirani yangu, kijana wa chuo, alinijia na swali ambalo sikulitarajia. Alikuwa ametoa akiba yake na kununua skrini ya kompyuta ya mtumba, inayochora picha upya mara 60 kwa sekunde. Amesikia kwamba kwa kubadili namba chache tu ataifanya ichore mara 75, na michezo yake itateleza kama maji. Je, afanye hivyo, au ataiunguza?

Swali ni la kisasa, lakini jibu lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo iko katika jiji hili.

Mdundo wa umeme

Afrika Kusini ilichelewa kupata televisheni. Dk Albert Hertzog, waziri wa posta na simu hadi mwaka 1968, aliipinga kwa nguvu zote. Matangazo ya majaribio yalianza Johannesburg mwezi Mei 1975, na huduma ya shirika la SABC ikazinduliwa tarehe 5 Januari 1976. Wakati huo Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi.

Zote mbili zilifuata mfumo wa PAL, ambao skrini yake huchorwa mara 50 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa. Umeme wa majumbani katika nchi zetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na wahandisi wa mwanzo waligundua kwamba picha isiyokwenda na mdundo huo hupitiwa na michirizi. Marekani, yenye umeme wa mizunguko 60, ilichagua takriban 60.

Enzi za chogo

Kompyuta binafsi ya IBM ilipotoka mwaka 1981, skrini yake ya maandishi ya kijani nayo ilikwenda mara 50 kwa sekunde. Haikuwa na kinga. Programu iliyotuma mapigo yasiyofaa iliweza kuziunguza saketi zake. Hofu ya jirani yangu, basi, si uzushi.

Hata hivyo, katika skrini zile za chogo kuongeza kasi kulikuwa na faida ya kweli. Kwenye mara 60 picha ilipepesa, macho yakauma. Kwenye 75 au 85 ilitulia. Kuanzia miaka ya 1990 skrini nyingi zilianza kuiarifu kompyuta viwango zinavyovimudu, na ajali zikapungua.

Faida ya leo

Skrini bapa za leo hazipepesi kwa namna ile. Kutoka 60 hadi 75, muda kati ya picha moja na nyingine hupungua kutoka milisekunde 16.7 hadi 13.3. Mchezaji mwepesi ataihisi tofauti hiyo. Anayeandika barua hataiona.

Kwa kawaida skrini ikizidiwa huwa nyeusi, kisha kompyuta hurudi kwenye kiwango cha awali. Lakini ipo hasara ya kimya: skrini hukubali namba mpya huku ikiruka baadhi ya picha, au rangi zikabadilika. Joto nalo huongezeka. Kuharibika kabisa ni nadra, ila kunawezekana.

Kuna pia suala la sheria. Sheria ya kulinda walaji ya Afrika Kusini, iliyoanza kutumika mwaka 2011, humpa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha bidhaa yenye kasoro. Ulinzi huo hauhusu bidhaa iliyobadilishwa kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji, na muuzaji anaweza kuishikilia hoja hiyo. Jirani yangu alinunua kwa mtu binafsi, hivyo hana wa kumrudishia.

Nilimshauri mambo matatu. Apandishe kidogo kidogo. Kila hatua apige picha ya skrini kwa kamera iliyoachwa wazi kwa muda, akitazama kama vitu vinavyotembea vinaacha mapengo. Na ajiulize kama ana fedha za kununua nyingine, kwa maana wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kwenye 72 mapengo yalijitokeza. Ameishia 70, na skrini bado ni nzima.