Kitabu cha Dayton

Mwezi wa Machi 1925, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, lilipitisha sheria ya kumkataza mwalimu wa skuli ya umma asifundishe kuwa mwanaadamu ametokana na mnyama wa daraja ya chini. Ajabu ni kwamba kitabu cha bayolojia kilichoidhinishwa na jimbo hilohilo, *A Civic Biology* cha George Hunter, kilieleza nadharia ya mageuko. Mwalimu aliyekifuata kitabu aliivunja sheria. Aliyeitii sheria ilimbidi aruke kurasa.

Katika mji mdogo wa Dayton, John Scopes, kijana wa miaka 24, alikubali kushitakiwa ili sheria ipimwe. Wakubwa wa mji nao walitaka Dayton ipate jina, na jina ikalipata. Julai wakakabiliana mabingwa wawili wa kusema: William Jennings Bryan, aliyegombea urais mara tatu, na wakili Clarence Darrow. Darrow alimhoji Bryan juu ya Biblia, nje ya jengo la mahakama, umati ukisikiliza. Bryan akakubali kuwa siku za uumbaji huenda hazikuwa za saa 24. Hayo ndiyo yanayosimuliwa hadi leo.

Yasiyosimuliwa sana yamo kitabuni. Hunter aliwagawa wanaadamu katika rangi tano, akawaweka weupe wa Ulaya na Marekani kileleni. Tena akaunga mkono rai ya kuwazuia wasizae wale aliowaona dhaifu. Kurasa hizo hazikushitakiwa. Bryan, wa kushangaza, alikuwa ameandaa hotuba ya mwisho iliyolaani kupandisha watu kama mifugo, lakini kesi ilifungwa kabla hajaisoma, na siku tano baadaye akafariki.

Februari ya mwaka huohuo Raymond Dart alikwishatangaza fuvu la mtoto wa Taung, Afrika Kusini, lililoashiria kuwa chimbuko la binaadamu ni Afrika. Wanazuoni wengi wa Ulaya walilipuuza kwa miaka.

Scopes alitozwa dola 100. Mwaka 1927 mahakama ya juu ya jimbo iliifuta hukumu kwa kuwa faini ilikatwa na jaji, ilhali iliyozidi dola 50 ilipaswa kukatwa na baraza la waamuzi. Sheria yenyewe ilibaki hadi 1967. Ama kitabu cha Hunter, kilitoka upya 1926, na neno la mageuko limeondolewa, bila ya mahakama yoyote kuamrisha.