Maji, Virungu na Kauli ya Hakimu: Uchunguzi wa Vifo vya Hola, 1959

Tarehe 4 Machi 1959 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa taarifa fupi kwa magazeti. Watu kumi waliokuwa kizuizini katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana, walikuwa wamekufa siku iliyotangulia. Taarifa ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji lililotumiwa na kundi zima lililokuwa kazini, pamoja na askari waliolilinda. Haikutaja kipigo. Aliyesoma gazeti siku ile angeamini kwamba Hola kumetokea balaa la maji.

Miezi miwili baadaye hakimu alitamka jambo jingine kabisa. Waliokufa walikuwa kumi na mmoja, na kilichowaua ni mshtuko wa mwili na kuvuja damu kutokana na kupigwa. Kati ya taarifa ile na kauli hii kuna chombo cha sheria ambacho sisi wanafunzi wa historia tunakipita haraka: uchunguzi wa kimahakama wa vifo vya ghafla na vya kikatili. Katika insha hii nitaeleza chombo hiki kilitoka wapi, kilifanya nini Hola, na kiliishia wapi. Hoja yangu ni kwamba uchunguzi huu haumwadhibu mtu, na huo ndio udhaifu wake. Lakini huilazimisha serikali isikie hadharani jinsi mtu alivyokufa, na kauli hiyo ikishaandikwa ni vigumu kuifuta.

Tuanze na asili yake. Chombo hiki kilizaliwa Uingereza. Mwaka 1194, wakati wa Mfalme Richard I, iliamriwa kwamba kila jimbo lichague wapiganaji watatu wenye cheo pamoja na karani mmoja, watunze mashauri ya Taji. Afisa wa kazi hiyo akaitwa korona, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji. Virusi vilivyotufungia madarasa mwaka 2020 navyo vilipewa jina kutokana na taji hilo hilo, lakini uhusiano wao unaishia hapo.

Tusidhani kwamba mfalme alianzisha kazi hii kwa kuwahurumia wafu. Alitafuta fedha. Mali ya muuaji ilikwenda kwa Taji, na mali ya aliyejiua vilevile. Hata kitu kilichosababisha kifo, kiwe ng'ombe, gari la kukokotwa au mashua, kilikadiriwa thamani yake na thamani hiyo ikatozwa. Desturi hii iliishi mpaka enzi ya reli. Mkesha wa Krismasi wa 1841 treni ilipata ajali katika bonde la Sonning, na wazee wa baraza wakaikadiria faini ya pauni 1,000. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1846.

Hata hivyo, njia ya kuitafuta fedha hiyo ilileta faida ambayo mfalme hakuikusudia. Maiti haikuruhusiwa kuzikwa kabla korona hajaiona. Kama imeshazikwa, ilifukuliwa. Watu wa vijiji vya jirani waliitwa, wakasimama mbele ya maiti, wakaapa. Aliyeiona kwanza alitajwa. Majeraha yaliandikwa, mara nyingi kwa urefu na kina chake. Kwa hiyo mkulima, mtumishi au mtoto aliyezama kisimani, ambaye asingeandikwa popote maishani mwake, alipata jina lake katika karatasi siku ya kufa. Wanahistoria wanaosoma kumbukumbu hizo leo hawazifuati kwa ajili ya faini. Wanawafuata watu hao.

Waingereza walipoeneza utawala wao walibeba na sheria zao. Afrika Mashariki kazi ya korona iliangukia zaidi mikononi mwa mahakimu. Maswali yalibaki yale yale: aliyekufa ni nani, wapi, lini, na kwa namna gani. Swali la nani aadhibiwe ni la mahakama nyingine.

Sasa twende Hola. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, wakati wa vita vya Mau Mau, na makumi ya maelfu ya watu wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kufikia 1959 wengi walikuwa wameachiwa. Waliobaki, wale ambao serikali iliwaita wagumu, walikusanywa Hola. Wengi wao walikataa kazi ya kulazimishwa. Sababu yao ilikuwa wazi: hawakuhukumiwa na mahakama yoyote, kwa hiyo hawakuwa wafungwa wa kupewa kazi.

Afisa mwandamizi wa magereza, John Cowan, aliandika mpango wa kuvunja ukaidi huo. Watu watolewe katika vikundi vidogo, wapelekwe kwa nguvu za mikono hadi shambani, na walazimishwe kufanya kazi waliyopewa. Tarehe 3 Machi watu 85 walitolewa kwa pamoja hadi kwenye mradi wa umwagiliaji, wakizungukwa na askari jela wenye virungu. Jioni kulikuwa na maiti.

Maiti zile zilizungumza kabla ya mtu yeyote. Madaktari walipozichunguza hawakukuta dalili za watu waliouawa na maji. Walikuta alama za kipigo. Taarifa ya magazeti ikakosa pa kusimama, na serikali haikuweza tena kukwepa uchunguzi wa wazi. Hakimu W. H. Goudie alisikiliza ushahidi na kutoa uamuzi wake Mei 1959. Alisema hapakuwa na jaribio kubwa la pamoja la watu wale kuwashambulia askari. Alisema pia kwamba askari walipiga sana, na kwamba kipigo hicho kilikuwa na lengo moja tu: kuwashurutisha watu wafanye kazi, au kuwaadhibu kwa kukataa.

Mpaka hapo mtu angetarajia kesi ya mauaji. Haikuwapo. Hakimu alisema hakuweza kubainisha bila shaka nani alipiga pigo lipi, na pigo lipi liliua. Mwanasheria Mkuu akaona hana ushahidi wa kumshtaki mtu. Mkuu wa kambi alipelekwa kwenye baraza la nidhamu, akastaafishwa, na malipo yake hayakukatwa. Watu kumi na mmoja walikufa, na hakuna hata mtu mmoja aliyefungwa.

Kwa sababu hii baadhi yetu husema kwamba uchunguzi wa Hola ulikuwa kiini macho, njia ya wakoloni kunawa mikono. Hoja hiyo ina uzito. Swali la nani alipiga nani linawahusu askari wa chini. Swali la nani aliandika mpango, nani aliusoma, na nani aliupitisha halimo katika maswali ya korona. Sheria iliyozaliwa kuchunguza mwili mmoja uliokutwa shambani haikuundwa kuchunguza ofisi. Wenye kalamu wakapona, na wenye virungu wakafichwa na wingi wao.

Lakini nikifuata kilichotokea baadaye, siwezi kuishia hapo. Kumbukumbu za uchunguzi huo zilichapishwa na kufika mikononi mwa wabunge mjini London. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 Bunge la Uingereza lilijadili Hola. Mmoja wa waliosema kwa ukali kuliko wote alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa hotuba zake za kuwapinga wahamiaji. Alikataa wazo kwamba Waingereza wanaweza kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kipimo kingine Afrika. Angejenga hoja gani kama karatasi pekee iliyokuwapo ni ile taarifa ya gari la maji? Miezi michache baadaye waziri wa makoloni alikuwa mwingine, Iain Macleod, na Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Sidai kwamba uchunguzi wa hakimu mmoja ulileta uhuru wa Kenya. Uhuru uliletwa na watu waliopigana na waliofungwa. Nadai tu kwamba baada ya kauli ya Goudie haikuwezekana tena kuzitetea kambi zile kwa uso mkavu.

Serikali ilijaribu kusahaulisha. Jina la Hola liliondolewa na mahali pakaitwa Galole. Hola ilirudi baada ya uhuru. Jina la mahali lilibadilishika kwa amri ya siku moja. Majina ya wafu na maelezo ya majeraha yao, yaliyokwisha kuingia katika kumbukumbu, hayakubadilishika. Zaidi ya miaka 50 baadaye wazee watatu wa Kenya waliishtaki Serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso ya kambini. Mmoja wao, Wambugu wa Nyingi, alikuwapo Hola siku ile na alipigwa hadi akazimia. Oktoba 2012 Mahakama Kuu ilikubali kesi yao isikilizwe. Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kuwalipa wadai zaidi ya 5,000.

Mimi nasoma historia Uganda, nchi ambayo nayo ina sheria ya uchunguzi wa vifo iliyotokana na mzizi huo huo, kama zilivyo Kenya na Tanzania. Mtu akifia mikononi mwa dola, iwe ni kituo cha polisi au gerezani, taarifa ya kwanza hutoka kwa wale wale waliomshika. Wakati wa Hola sababu ilikuwa maji. Mahali pengine huwa ni ugonjwa, au kujinyonga, au kujaribu kutoroka. Huenda taarifa ikawa ya kweli. Uchunguzi wa wazi ndio unaoipima, na usipofanyika, taarifa ya kwanza inabaki kuwa historia yenyewe, nasi tutaifundisha hivyo.

Kwa hiyo, kwa wenzangu wanaotafuta mada ya utafiti, napendekeza tuzifungue faili hizi za mahakimu wa wilaya katika hifadhi zetu za nyaraka. Tusizisome kama hukumu, maana si hukumu. Tuzisome kwa kuuliza nani alitajwa kwa jina, nani aliitwa kutoa ushahidi, na kipi kilisemwa kabla daktari hajaifunua shuka.