Scandar Copti, mwongozaji asiyewapa waigizaji mswada

Scandar Copti ni mwongozaji wa filamu Mpalestina aliyezaliwa mwaka 1975 mjini Jaffa, na ambaye kabla ya kushika kamera alisomea uhandisi wa mitambo. Alipata umaarufu kwa filamu ya Ajami ya mwaka 2009, aliyoiandika na kuiongoza pamoja na Myahudi wa Israeli, Yaron Shani. Ajami ni mtaa wa Jaffa, na kisa chenyewe ni cha visasi, madeni na dawa za kulevya.

Waigizaji wake hawakusomea fani hiyo. Walifanyishwa mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha wakaingizwa katika matukio bila kupewa mswada wala kudokezwa yatakayowafika. Hivyo, mshtuko unaoonekana nyusoni mwao mara nyingi ni wa kweli.

Mwaka 2010 filamu hiyo iliwania Oscar kwa jina la Israeli. Copti alitamka kuwa hawezi kuiwakilisha nchi isiyomwakilisha yeye, kauli iliyowaudhi wanasiasa wa huko.

Alirejea mwaka 2024 na Happy Holidays, akitumia tena watu wa kawaida. Filamu hiyo ilituzwa mjini Venice, tena, ajabu, kwa ubora wa mswada.